Somo la Ufundi: Kuchagua Vifaa vya Kurekodi Muziki wa Kielektroniki Bila Kompyuta

Kikundi cha vijana wa Wusi kinachotaka kurekodi nyimbo zake kwa kawaida hufikiria njia mbili: kushuka hadi mjini na kulipia studio kwa saa, au kuchanga pesa za kununua kompyuta na programu zake. Ipo njia ya tatu. Kuna mashine ndogo zinazounda biti, kunasa sauti za waimbaji na kuhifadhi wimbo mzima kwenye kadi ya kumbukumbu, bila kompyuta kuguswa hata mara moja.

Njia hii ina mtego wake. Mashine hizi hufanana kwa sura lakini hazifanyi kazi moja. Kikundi kinaweza kutumia akiba yote ya mwaka kununua kifaa kizuri ambacho hakiwezi kabisa kunasa sauti ya mwimbaji. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kurekodi bila kompyuta si jambo geni

Mwaka wa 1979 kampuni ya Tascam ya Japani ilitoa Portastudio, mashine iliyorekodi treki nne kwenye kaseti ya kawaida. Treki ni njia moja ya sauti inayosimama peke yake: ngoma katika njia yake, gitaa katika njia yake, mwimbaji katika njia yake. Kabla ya hapo kazi hiyo kwa kawaida ilifanywa studio. Mwaka wa 1983 viwanda vilikubaliana kuhusu MIDI, lugha moja inayowezesha kinanda cha kampuni moja kuendesha mashine ya kampuni nyingine. Vifaa vinavyouzwa leo bado vinafuata misingi hiyo miwili. Kilichobadilika ni kwamba mahali pa kaseti pamechukuliwa na kadi.

Kazi tatu ambazo lazima zifanywe

Kila wimbo wa kielektroniki una kazi tatu, na kila kifaa kinapaswa kupimwa kwa kazi hizo.

Ya kwanza ni kuunda sauti: biti, besi na kinanda. Hii ni kazi ya mashine za biti, sampla na sintesaiza. Roland MC-101, Novation Circuit Tracks na Roland SP-404MKII ni mifano.

Ya pili ni kunasa sauti zinazotoka nje ya mashine: mwimbaji, gitaa au ngoma ya ngozi. Hii ni kazi ya kinasa sauti cha treki nyingi, kama vile Tascam DP-008EX au Zoom R8.

Ya tatu ni kuchanganya treki zote na kutoa wimbo uliokamilika ambao unaweza kutumwa redioni au kuwekwa kwenye simu. Vinasa sauti vingi vya treki nyingi hufanya kazi hii pia.

Kosa la kawaida ni kununua mashine ya kazi ya kwanza kwa kudhani itafanya zote tatu. Circuit Tracks, kwa mfano, huunda biti vizuri lakini haikutengenezwa kurekodi ubeti mzima wa mwimbaji. Akai MPC One hufanya kazi zote tatu katika sanduku moja, kwa kuwa ina treki nane za sauti pamoja na biti. Hata hivyo, inategemea umeme wa ukutani.

Hesabu matundu kabla ya kuhesabu treki

Maandishi makubwa kwenye boksi hutaja idadi ya treki zinazoweza kusikika pamoja. Muhimu zaidi ni idadi ya sauti zinazoweza kurekodiwa kwa wakati mmoja, nayo hutegemea matundu ya kuingizia waya. DP-008EX na R8 zina treki nane kila moja, lakini hurekodi mbili tu kwa wakati mmoja. Zoom R24 na Tascam DP-24SD zina treki 24, na hurekodi nane kwa pamoja.

Kwaya inayopiga vyombo vyote pamoja inahitaji matundu mengi. Kikundi cha biti na waimbaji wawili kinaweza kutosheka na matundu mawili, kwa sababu kitarekodi kwa awamu. Mpango wa treki nane unaweza kuwa hivi:

Treki ya 1 na ya 2: biti kutoka kwenye mashine.
Treki ya 3 na ya 4: kinanda.
Treki ya 5: mwimbaji mkuu.
Treki ya 6: kiitikio.
Treki ya 7: ngoma ya ngozi.
Treki ya 8: akiba ya marekebisho.

Biti hutangulia. Wanaofuata huvaa vipokea sauti vya masikioni, husikiliza kilichokwisha kurekodiwa na kuongeza sehemu zao. Spika izimwe wakati wa kuimba, la sivyo biti itaingia tena kupitia maikrofoni.

Ipo pia mbinu ya kutenganisha biti kwa matundu mawili. Kwenye mashine ya biti, ngoma zote husukumwa upande wa kushoto, na besi pamoja na sauti nyingine upande wa kulia. Waya wa kushoto uingie treki ya 1 na wa kulia treki ya 2. Baadaye besi ikizidi, itapunguzwa bila kugusa ngoma.

Maikrofoni na kiwango cha sauti

Maikrofoni za dainamiki, kama Shure SM58, hazihitaji umeme wowote, na hustahimili kupokezanwa mikono mingi. Maikrofoni nyingi za kondensa za studio huhitaji volti 48 kutoka kwenye kinasa sauti. Kama kinasa hakitoi volti hizo, maikrofoni hiyo itakaa kimya.

Wakati wa kurekodi, sauti kubwa kabisa ya mwimbaji isipite kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye. Iliyopasuka kwa kuzidi kiwango haitengenezeki.

Umeme, ukungu na vumbi

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kipande kinachorekodiwa kinaweza kupotea. Kwa hiyo, kwa wakazi wa milimani, betri si anasa. DP-008EX, R8 na MC-101 hutumia betri nne za AA, na SP-404MKII sita. Betri za AA zinazochajiwa tena zinaweza kuchajiwa kwa sola mchana na kutumika jioni. Circuit Tracks ina betri yake ya ndani.

Vifaa vilivyotumika kutoka ng'ambo vina hatari nyingine. Umeme wa Kenya ni volti 240, wa Japani ni 100 na wa Marekani ni 120. Adapta isiyoandikwa 100–240 isichomekwe ukutani. Pia, soma mchoro wa alama ya kujumlisha na ya kutoa kwenye adapta na uulinganishe na ule ulio kwenye mashine. Adapta ya simu au redio inaweza kuingia tunduni vizuri kabisa na bado ikaunguza kifaa.

Ukungu wa Wusi huleta unyevu, na tambarare za Voi zina joto na vumbi. Kifaa kihifadhiwe kwenye kasha lenye kifuniko, na kikitoka kwenye baridi kikaushwe kwa muda kabla ya kuwashwa.

Hesabu ya kadi

Rekodi yenye ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 5.3 kwa kila dakika ya treki moja. Wimbo wa dakika nne wenye treki nane zilizojaa utachukua megabaiti 170 hivi. Kadi ya gigabaiti 32 inaweza kubeba zaidi ya nyimbo 180 za namna hiyo. Nafasi basi si tatizo. Tatizo ni kadi moja kupotea na kazi yote.

Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe swali hili: je, kila treki inaweza kutolewa peke yake kama faili ya WAV? Baadhi ya mashine hutoa wimbo uliokwisha kuchanganywa tu. Mashine inayotoa treki mojamoja humwezesha fundi wa studio kuuboresha wimbo baadaye bila kikundi kurekodi upya. Nakala ya pili inaweza kuhifadhiwa kwa kutumia kisomea kadi kinachochomekwa kwenye simu, mradi kifaa hicho kijaribiwe kwanza na kadi ya mashine inayonunuliwa.

Treki ni ushahidi

Suala hili linaigusa Taita moja kwa moja. Fadhili William Mdawida, mwanamuziki mwenye asili ya Taita, aliurekodi wimbo "Malaika" akiwa na Jambo Boys karibu na mwaka wa 1960. Wimbo huo uliimbwa baadaye na Miriam Makeba na Harry Belafonte, kisha na Boney M. Hata hivyo, mzozo kuhusu mtunzi wake halisi, pamoja na madai ya Adam Salim wa Tanzania, uliendelea kwa miaka mingi.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Sura ya 130, haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili tofauti. Anayemiliki mashine hawi mtunzi kwa kuimiliki tu. Kabla ya kurekodi, kikundi kiandike karatasi moja: nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani aliunda biti, na mapato yatagawanywa vipi. Karatasi itiwe sahihi na tarehe, kisha ihifadhiwe pamoja na treki zote. Kazi inaweza pia kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Maswali saba kabla ya kulipa

1. Kati ya kazi tatu, kifaa hiki kinafanya ipi?
2. Kinarekodi sauti ngapi kwa wakati mmoja?
3. Kinatumia betri, na zinadumu saa ngapi?
4. Adapta yake inakubali volti 240?
5. Kinatoa volti 48 kwa maikrofoni ya kondensa?
6. Kinatoa kila treki kama faili ya WAV?
7. Bei hiyo inabakiza pesa za maikrofoni, kistendi, waya, vipokea sauti na kadi mbili?

Swali la saba ndilo husahaulika. Mashine ya bei ya kati iliyo na waya na maikrofoni inarekodi wimbo leo. Mashine ya bei ghali isiyo na waya inabaki kwenye boksi lake.

Zoezi: kikundi kichague wimbo mmoja kinaoujua vyema, kiandike sauti zake zote kwenye karatasi na kipange treki kama ilivyoonyeshwa hapo juu. Kisha kihesabu ni sauti ngapi ambazo lazima zirekodiwe kwa wakati mmoja. Nambari hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani.