Friji ya chanjo: Waya mbovu waweza kumnyima mtoto kinga

MIAKA kadhaa iliyopita, muuguzi wa kliniki niliyokuwa nikihudumu aliniletea kichupa cha chanjo ya watoto ya kukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini aina ya B. Alikitikisa, akakiweka mezani. Baada ya nusu saa unga mweupe ulikuwa umetuama chini na maji maangavu yamebaki juu. Hiyo ni dalili ya chanjo iliyoganda kisha ikayeyuka.

Kilichotushangaza ni kwamba kipimajoto cha friji kilikuwa kikionyesha nyuzi 4 za selsiasi. Chanjo hutakiwa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Tulilazimika kuwaita wazazi wawarudishe watoto wachanjwe upya.

Kosa lilitoka wapi?

Fundi wa stima alikuwa amehamisha kidhibiti cha friji hadi ukutani, kwenye mapokezi. Ili kifike, aliunga waya wa kawaida wa urefu wa mita 10.

Ndani ya friji hiyo mlikuwa na kijiti cha kuhisi joto cha aina iitwayo Pt100, ambayo pia hutumika sana katika maabara. Ndani yake mna waya mwembamba wa platini. Katika nyuzi 0, waya huo huzuia umeme kwa kiasi cha omu 100. Joto likipanda kwa nyuzi moja, kizuizi huongezeka kwa omu 0.385 hivi. Mashine hupima kizuizi hicho, kisha hukionyesha kama joto.

Lakini waya wa shaba nao huzuia umeme kidogo. Waya wa unene wa milimita mraba 0.22, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, huongeza omu 1.6 hivi. Gawanya kwa 0.385, utapata takriban nyuzi 4. Kwa hivyo mashine ilisoma 4 hali joto halisi lilikuwa 0, na kila friji ilipozidi kupoa kidogo, chanjo iliganda.

Chanjo za aina hii zina chembechembe za chumvi ya alumini. Zikiganda, chembe hizo hushikana na chanjo hupoteza nguvu. Kuiyeyusha hakurudishi nguvu hizo.

Dawa yake

Kwa wenye zahanati na maabara, fanyeni hivi:

• Msiunge nyaya mbili tu. Tumieni nyaya tatu za urefu na unene sawa, ili mashine ipime kizuizi cha waya na kukiondoa. Nyaya nne ni bora zaidi: mbili hupeleka umeme na mbili hupima, hivyo urefu hauleti kosa. Hakikisheni kwanza kwamba mashine yenu inakubali mpango huo.

• Kazeni skrubu na kusafisha kutu. Kiungo kilicholegea nacho huongeza kizuizi.

• Kila mara waya unapoguswa, pimeni kwa barafu. Jazeni barafu iliyopondwa katika chupa ya chai, ongezeni maji kidogo, tumbukizeni kijiti katikati, korogeni na kungoja dakika kadhaa. Isomeke 0. Ikisoma 4, mmepata kosa lenu.

• Kijiti kikae katikati ya chanjo, si mlangoni wala kwenye ukuta wa nyuma.

Friji ya damu, inayotakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 6, na kabati la joto la kuotesha viini vya maradhi huhitaji uangalifu uo huo.

Nawe mzazi, usiogope kumpeleka mtoto kliniki. Unapofika, muulize muuguzi kwa heshima akuonyeshe karatasi ya joto la friji, ambayo hujazwa asubuhi na jioni. Uliza pia ni lini kipimajoto kilikaguliwa mara ya mwisho. Muuguzi mwema hatakasirika.