Kiungani: Uwanja wa Chuo Uliosambaza Kandanda

Ukiteremka kutoka Ngong kuingia Kiserian siku hizi, ni vigumu kukuta kipande cha ardhi kisicho na kigingi. Ploti ya kawaida ni futi 50 kwa 100. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 unazidi ekari moja na robo tatu, yaani ploti 15 na kidogo kikabaki. Hesabu hii wanunuzi wa ardhi wanaijua. Kamati za shule nazo ziijue.

Ili kuelewa uwanja wa chuo hufanya kazi gani, turudi Zanzibar. Mwaka 1864 Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa na watu wa Oxford na Cambridge baada ya hotuba ya Livingstone ya mwaka 1857, ilihamia kisiwani chini ya Askofu Tozer. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wamekutana London na kuandika sheria za kandanda tunazozifuata mpaka leo, ingawa zimerekebishwa mara nyingi. Misheni ilijenga shule ya wavulana kusini mwa mji, mahali paitwapo Kiungani. Ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea.

Wanafunzi wa kwanza hawakuletwa na wazazi. Wengi walikuwa watoto waliokolewa kutoka majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini na manowari za Uingereza. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, kila mmoja na lugha yake, na waliunganishwa na Kiswahili. Mwaka 1887 kilichapishwa kitabu cha masimulizi yao wenyewe, kila mvulana akieleza alivyotekwa na alivyofika pwani. Kwa maoni yangu, mtu hawezi kuelewa mpira wa Kiungani bila kukumbuka hilo: waliokuwa wakigombea mpira ule ni watoto waliowahi kuuzwa.

Walimu wao walitoka katika vyuo ambako mpira ulikuwa sehemu ya maisha, wakauingiza Kiungani katika miaka ya 1870. Wafanyakazi Waingereza wa kampuni ya simu za maandishi nao waliucheza mjini. Lakini wageni hao walicheza wenyewe kwa wenyewe. Chuo ndicho kilichoweka mpira miguuni mwa Waafrika, na zaidi ya hapo, kiliwatuma kazini. Wahitimu wa Kiungani walipelekwa kufundisha katika vituo vya misheni huko Magila, Masasi na kisiwa cha Likoma katika Ziwa Nyasa. Mwalimu aliyehama alihama na mchezo wake. Kufikia miaka ya 1920, vijana wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Zanzibar, walikuwa na timu za mitaa zenye mashabiki wao. Wachezaji wengi walikuwa Waislamu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa la misheni.

Huku kwetu, mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, mzazi wa mashindano ya leo ya CECAFA.

Chuo chenyewe hakikudumu Kiungani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam.

Karibu nasi zaidi ni kisa cha Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi. Januari 2015 wanafunzi walikuta ukuta umejengwa kuzunguka uwanja wao. Walipouangusha, polisi waliwarushia vitoa machozi. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, marehemu Joseph Nkaissery, mwana wa Kajiado, aliwaomba watoto radhi. Uwanja ulibaki wa shule, lakini msomaji ajiulize: kama wangenyamaza?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Hata hivyo, kaunti haiwezi kutetea mpaka usiojulikana. Uwanja unaotumiwa tangu enzi za babu, usio na hatimiliki wala ramani ya upimaji, ni rahisi kuuzwa na mtu aliyeshika karatasi. Mara nyingi huanza kidogo: kibanda pembeni, kisha ua, kisha mawe ya ujenzi nyuma ya goli.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamruhusu mtu yeyote kuomba taarifa kutoka katika sajili. Si lazima uwe mwenye ardhi wala wakili. Mwenyekiti wa kamati ya shule anahitaji nambari ya kipande cha ardhi. Aende nayo katika ofisi ya usajili wa ardhi, aombe utafutaji rasmi, kisha atazame mambo matatu: jina la mmiliki, ukubwa, na kama kuna zuio lolote. Ukubwa ulioandikwa aulinganishe na hatua zake mwenyewe uwanjani, kabla shule hazijafungwa, wakati magoli bado yamesimama.