Mtoto Mwenye Akili Anayeshindwa Kusoma

Mwezi huu tumtazame mtoto anayewatatiza wakubwa. Akiulizwa kwa mdomo, hujibu kuliko wenzake. Hukumbuka hadithi yote, hata redio mbovu huifungua akajua kasoro iko wapi. Lakini mpe imla, daftari hujaa wino mwekundu. Mwalimu humwita mvivu, mzazi humwita mjeuri, na mwisho mtoto mwenyewe husema, "Mimi mjinga." Akishaamini hivyo, huacha kujaribu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14. Kijana huyo alizidisha 749 kwa 867 upesi na bila kosa, lakini alisoma kwa shida hata maneno mepesi, na jina lake aliliandika kwa kupanga herufi vibaya. Siku hizi hali hiyo huitwa disleksia. Ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Haitokani na uvivu wala uhaba wa akili, na mara nyingi huonekana katika ukoo.

Wako pia watoto wanaoweza kazi, ila huchoshwa na kurudiarudia jambo wanalolijua.

Tutawatambuaje?

Kwanza, mpeleke mtoto hospitali apimwe macho na masikio. Asiyeona ubao vizuri hawezi kunakili, hata angekuwa na akili namna gani.

Pili, kama zoezi lina hesabu 20, mpe kwanza zile 5 ngumu kuliko zote. Akizipata, amekwisha elewa. Ampe mwalimu kazi ya juu zaidi. Akizikosa, msimzidishie nyingine 20 za namna ile ile, maana atarudia kosa mpaka alizoee. Mfundisheni upya, polepole, kwa njia nyingine.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mazoezi yasifutwe, yafupishwe. Dakika 10 kila siku hufaa kuliko saa nzima Jumapili jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Mwenye shida ya kusoma afundishwe sauti za herufi, kisha silabi, kisha neno. Atamke huku akifuata kwa kidole na kuandika.

3. Katika masomo mengine, mwombeni mwalimu amruhusu kujibu kwa mdomo, ili shida ya kuandika isifiche anayoyajua.

4. Msimnyime lile analoliweza kama adhabu. Redio ile ndiyo inayomkumbusha kwamba anaweza.

5. Fimbo haifundishi herufi. Humfundisha mtoto kuogopa kitabu.

Mzazi, ukiona dalili hizi, usingoje mtihani wa darasa la saba. Nenda shuleni wiki hii ukaongee na mwalimu, daftari la mtoto likiwa mkononi.