Mwendo wa Maji Katika Tangi la Viumbe wa Mwambani: Somo la Sayansi kwa Darasa la Tano

Watoto wa Kunduchi na Msasani hukua wakisikia mshindo wa bahari. Wenzao wa Mbagala na Tandika, ingawa wamo katika jiji lile lile, huenda wakamaliza elimu ya msingi bila kuuona mwamba hata mara moja. Mwalimu anayetaka kuwafundisha juu ya viumbe wa bahari hana budi kuchagua: ama alipeleke darasa baharini, ama ailete bahari darasani. Walio wengi huchagua njia ya pili, kwa kuwa nauli ni ghali. Hutwaa ndoo ya maji ya chumvi na viumbe wawili watatu waliookotwa katika vidimbwi wakati wa maji kupwa, wakaiweka dirishani. Kufika alasiri maji yameanza kunuka na viumbe wamekufa. Wanafunzi hutoka na fundisho moja, nalo si la kweli: ya kwamba kiumbe wa bahari hawezi kuishi nje ya bahari. Maji yalikuwamo ndooni. Kilichokosekana ni mwendo wake.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kulifundisha jambo hilo kwa vitendo, kwa zana za bei ndogo, na bila kumwua kiumbe hata mmoja.

Mwalimu ajue nini kwanza

Tumbawe ni mnyama. Si jiwe wala mmea. Jiwe tulionalo ni nyumba ya chokaa iliyojengwa na wanyama wadogo wengi mno waitwao polipi, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri. Ndani ya nyama yao huishi mwani wa chembehai moja, ambao hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake. Polipi hahami. Samaki akikosa hewa mahali huondoka. Polipi hungoja kuletewa. Oksijeni, madini ya kujengea chokaa na vijidudu vya kula huletwa na maji, na ni maji hayo hayo yanayoondoa uchafu wake na vumbi la mchanga linalomwangukia.

Lipo jambo jingine ambalo mwalimu asilipite upesi. Maji yaliyogusana na kitu chochote hushikamana nacho. Hata katika mto uendao kasi, juu ya kila jiwe pana utando mwembamba wa maji ambao karibu umesimama kabisa. Katika utando huo oksijeni haichukuliwi na mkondo, bali hupenya polepole yenyewe. Maji ya nje yakitulia, utando huwa mnene na safari ya oksijeni huwa ndefu, hata mnyama huitumia upesi kuliko inavyomfikia. Maji yakienda kasi, utando hupungua unene. Basi tumbawe laweza kukosa pumzi ndani ya maji yenye oksijeni ya kutosha, kwa sababu tu maji hayo yametulia. Hatari huzidi usiku, maana gizani mwani hautoi oksijeni bali huitumia. Tena maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: maji ya bahari yenye joto la sentigredi 30, kama yalivyo kwetu miezi ya kaskazi, hayashiki zaidi ya miligramu 6 hivi katika kila lita yanapokutana na hewa.

Sasa tuitazame bahari yenyewe. Mbele ya pwani ya Kinondoni vipo visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ambavyo vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Wakati wa maji mafu huwa kama mita 1 tu. Juu ya hayo kuna mawimbi, na juu ya mawimbi kuna pepo za kusi na kaskazi zinazopokezana kila mwaka. Tumbawe la Mbudya, basi, halipigwi na mkondo wa namna moja kutwa. Maji hulijia upande huu, baada ya saa kadhaa yakalijia upande mwingine, na katikati wimbi hulisukuma mbele na kulivuta nyuma kila baada ya sekunde chache. Kugeukageuka huko ndiko afugaye matumbawe nyumbani anakotafuta kukuiga, na ndiko kunakomshinda mara nyingi. Hufikiri kwamba kazi imekwisha akiisha kununua pampu yenye nguvu.

Tunashauri mwalimu wa Kunduchi asiyaeleze haya yote yeye mwenyewe. Darasani mwake wamo watoto wa wavuvi waijuao bamvua kuliko yeye. Awaache waseme.

Kuendesha somo

Zana ni hizi: beseni pana la plastiki, bilauri mbili za kioo, pipi mbili za rangi zilizo sawa, chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, makapi ya majani ya chai, mawe sita au saba ya ukubwa wa ngumi, na saa yenye mshale wa sekunde. Maji ya bomba au ya kisima yatosha, kwani tunachochunguza ni mwendo, si chumvi. (Pipi zinunuliwe za ziada. Darasa la Tano halitatazama pipi mbili zikiyeyuka bila manung'uniko.)

Jaribio la kwanza ni la utando. Pipi moja itiwe katika bilauri ya maji yaliyotulia, nayo isiguswe. Ya pili itiwe katika bilauri nyingine, na mwanafunzi ayakoroge maji polepole bila kukoma. Baada ya dakika chache darasa litaona kwamba pipi ya kwanza imezungukwa na maji mazito yenye rangi, yaliyojilaza chini karibu nayo, ilhali ile ya pili imepungua zaidi na rangi yake imeenea bilauri nzima. Mwalimu aulize: kama pipi hii ingekuwa mnyama, na rangi hii ingekuwa uchafu wake, ni yupi angependa kuwa yeye? Kisha aligeuze swali: na kama chakula chake kingekuwa nje ya rangi hiyo, kingemfikiaje? Swali hili la pili ndilo gumu, nalo lipewe muda.

Jaribio la pili hustaajabisha hata watu wazima. Makapi ya chai yatiwe katika beseni la maji yasiyo na mawe, na mwanafunzi ayazungushe maji kwa mkono, upande mmoja, mpaka yote yazunguke. Kabla ya kuacha, darasa liandike litabirivyo makapi yatakwenda wapi. Wengi watasema yatatupwa pembeni. Maji yakipunguza mwendo, makapi hukusanyika chini, katikati. Sababu ni kwamba maji ya juu huzunguka kwa kasi na kusukumwa kandoni, lakini yale yanayogusa sakafu ya beseni huzuiwa nayo, nguvu yao ya kwenda pembeni ikapungua, yakavutwa kuelekea kati pamoja na makapi. Albert Einstein aliueleza mwendo huu mwaka 1926, akiuhusisha na namna mito inavyojipinda. Kwetu sisi maana yake ni hii: tangi ambalo maji yake huzunguka daima upande mmoja litakuwa na mahali pa kukusanyia taka, hata kama maji yanakwenda kasi.

Jaribio la tatu liwe la vikundi. Mawe yapangwe kwanza kama ukuta uliobanana, katikati ya beseni. Mwanafunzi ashike chupa iliyojaa maji, mdomo wake ukiwa ndani ya maji upande mmoja wa beseni, aiminye na kuiachia mara nyingi. Makapi yataondoka mbele ya ukuta na kutulia nyuma yake. Kisha mawe yapangwe upya kwa kuachana, yakiwa na mapenyo kati yake, na wanafunzi wawili wakae pande mbili zinazoelekeana, wakipokezana kuminya. Makapi hayatapata pa kulala. Kikundi kichore picha mbili, kikionyesha kwa mishale njia ya maji na kwa vitone mahali pa makapi. Michoro hii ina thamani kuliko maelezo yoyote ya ubaoni, na mwalimu aikusanye, kwani itamwonyesha nani ameelewa.

Hivi ndivyo wafanyavyo wafugaji wenye ujuzi. Huweka pampu mbili zinazoelekeana na kuziwasha kwa zamu, au huziacha zigongane ili maji yavurugike. Pampu moja huielekeza juu kidogo ili uso wa maji utikisike, maana oksijeni huingilia usoni. Wala hawaelekezi mkondo mwembamba wenye nguvu moja kwa moja juu ya tumbawe, kwani huweza kuichubua nyama yake.

Hesabu ya mwendo

Hapa sayansi na hisabati hukutana. Tuseme pampu ndogo hujaza chupa ya lita moja na nusu kwa sekunde 18. Kwa dakika moja itatoa lita 5, na kwa saa lita 300. Tangi likiwa na maji ndoo tatu za lita 20, yaani lita 60, maji yote yatapita katika pampu mara 5 kwa saa. Kwa matumbawe laini wafugaji hupenda mara 10 au 20. Kwa yale magumu yenye matawi, mara 20, 40, hata zaidi. Wanafunzi watafute pampu ngapi za namna hiyo zingehitajika ili kufika mara 20. (Ni nne.)

Lakini mwalimu asiiache hesabu itawale somo. Idadi inayoandikwa kwenye pampu hupimwa bila pampu kupandisha maji. Ikipandisha maji juu kwa mpira mwembamba wenye kona, hutoa pungufu sana. Tena jaribio la pili limekwisha kuonyesha kwamba mwendo mwingi si lazima uwe mwendo mzuri.

Viumbe hai darasani

Mwanafunzi atauliza lini wataleta tumbawe la kweli. Jibu ni kwamba hawataleta. Hifadhi za bahari zinalindwa kwa sheria ya mwaka 1994, na hata nje ya hifadhi, tawi lililovunjwa kwa dakika moja huenda lilichukua miaka kukua. Hapa mwalimu aeleze pia madhara ya uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku nchini tangu mwaka 1970. Mwamba ukivunjwa huwa kifusi. Mawimbi yale yale yaliyokuwa yakiulisha sasa hukibiringisha kifusi huku na huku, na watoto wa matumbawe wanaotafuta mahali pa kujishikiza husagwa. Darasa lililofanya jaribio la tatu litalielewa jambo hili upesi, hasa likitia kokoto ndogo mahali pa mawe na kuminya chupa tena.

Penye uwezo wa kusafiri, wanafunzi wapelekwe kuuona mwamba ulio hai. Kisiwa cha Chumbe, Unguja, ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu mwaka 1994, kimewapokea wanafunzi wengi kwa mafunzo. Kwa shule za Kinondoni na Temeke, hata vidimbwi vya ufukweni wakati wa bamvua vyatosha, iwapo saa za maji zimeangaliwa mapema, na kila jiwe lililofunuliwa likarudishwa lilivyokuwa.

Iwapo chuo au shule ina tangi tayari, lipo jambo la kupangwa kabla ya kupangwa ratiba: umeme ukikatika, pampu husimama na oksijeni huanza kupungua saa ile ile. Wawekwe wanafunzi wa zamu wenye kikombe, wachote maji na kuyamimina kutoka urefu wa shubiri moja, mara pande huu, mara pande ule, mpaka umeme urudi. Usiku zamu hiyo ni ya mwalimu.