Dondoo muhimu: Mboga za gunia

Bustani ya gunia hukamilika kwa Jumamosi moja. Gunia likishajaa halihamishiki, kwa hiyo mahali penye jua huchaguliwa kwanza. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza, makarai mawili ya udongo kwa moja la samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kazi kubwa iko katikati: kopo lisilo na kitako husimamishwa ndani ya gunia na kujazwa kokoto, udongo hutiwa kandokando, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hivyo hivyo mpaka mdomoni. Bila nguzo hiyo ya mawe, maji huishia juu na miche ya chini hukauka. Ubavuni hutobolewa matundu yanayopishana, kila moja umbali wa sentimita 15 hivi kutoka jingine, na miche ya sukuma wiki hupandikizwa jioni. Vitunguu hupandwa juu tu.