Sonona kwa Wanawake wa Makamo: Mwenendo wa Maisha Ukiwa Sehemu ya Tiba

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 48. Amelea watoto, amelima, amefanya biashara ndogo, na majirani wamezoea kumwona akiwahi kila shughuli. Sasa amebadilika. Huamka saa nane za usiku akitokwa na jasho, asipate tena usingizi. Chakula hakimpendezi. Harusi alizokuwa akizifurahia huziona mzigo. Wengine husema ni umri. Wengine husema amekuwa mvivu. Wengine hushuku kuwa amerogwa. Katika maneno yote hayo halipatikani lile ambalo lingemsaidia, yaani kwamba huenda anaugua, na kwamba maradhi yake yana tiba.

Sonona ni nini?

Sonona si huzuni ya kawaida. Hushukiwa pale ambapo mtu, kwa muda usiopungua majuma mawili na karibu kila siku, amegubikwa na majonzi au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na pamoja na hayo ana dalili nyingine: usingizi kuvurugika, nguvu kumwishia, mawazo kutotulia, kujiona hana thamani, au kutamani kufa.

Kwa nini umri wa makamo?

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Katika miaka ya kuelekea hapo, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka mwilini bila utaratibu. Homoni hii haihusiki na uzazi peke yake. Hufanya kazi pia katika ubongo, kwenye sehemu zinazoongoza usingizi na hisia. Tena joto la ghafla na jasho la usiku hukatiza usingizi, na mtu asiyelala vyema kwa miezi mingi huwa karibu zaidi na sonona.

Hata hivyo homoni si chanzo pekee. Mara nyingi huu ndio umri ambao wazazi wamezeeka na wanahitaji kuuguzwa, watoto wanadai ada za shule, na huenda mume amefariki au ameondoka. Mwili na mazingira hushirikiana kuuleta ugonjwa. Kwa hiyo tiba nayo yapasa iviangalie vyote viwili.

Uchunguzi umeonyesha nini?

1. Mazoezi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 156 wenye sonona, wa umri wa miaka 50 na zaidi. Baadhi walipewa dawa, baadhi walifanya mazoezi ya kutembea kwa kasi au kukimbia polepole mara tatu kwa juma, na baadhi walipata vyote viwili. Baada ya majuma 16 makundi yote matatu yalikuwa na nafuu inayokaribiana, ingawa dawa ilileta nafuu mapema zaidi. Lakini isidhaniwe kwamba mama anayelima na kubeba maji kutwa amekwisha kupata tiba hiyo. Mazoezi yale yalikuwa na muda maalumu, na yalifuatwa na mapumziko. Mwenye kazi za sulubu huenda akahitaji kupunguziwa mzigo. Anayekaa dukani au ofisini ndiye anayehitaji zaidi kutembea.

2. Chakula. Katika jaribio la Australia lililotangazwa mwaka 2017, watu 67 wenye sonona walifuatiliwa kwa majuma 12. Waliosaidiwa kula zaidi mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde na samaki walipona kwa kiasi cha theluthi moja. Waliopewa mazungumzo ya kirafiki tu walipona 8 katika 100. Jaribio lilikuwa dogo, na wengi walikuwa wakiendelea na matibabu mengine. Kwa hiyo chakula husaidia tiba, hakishiki nafasi yake. Kwetu, dona, mtama, kunde, mchicha na dagaa hutosheleza shauri hilo.

3. Usingizi. Yafaa kulala na kuamka saa zile zile, na kuacha chai ya rangi na kahawa jioni. Pombe huleta usingizi haraka, lakini huukatiza usiku wa manane, na huzidisha sonona.

4. Vikundi vya mazungumzo. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya jaribio katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda. Watu wazima wenye dalili za sonona walikutana kwa dakika 90 kila juma, kwa majuma 16, wanawake wakiwa na vikundi vyao na wanaume vyao, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kabla ya kuanza, 86 katika 100 walikuwa na ugonjwa. Baadaye walibaki wasiozidi 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, idadi ilishuka kutoka 94 hadi 55 tu.

Mipaka ya mashauri haya

Mgonjwa apimwe kwanza hospitalini, kwani upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema huleta dalili zinazofanana na hizi. Aliyeandikiwa dawa asiache ghafla bila kumwuliza daktari. Sonona kali haingojei mazoezi wala mboga. Mgonjwa akitamka kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

Wajibu wa jamaa

Ugonjwa huu humnyang'anya mgonjwa ile nia inayohitajika ili ajitibu. Kumwambia “jikaze” ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee. Kwa sababu hiyo mwenendo mpya hauwezi kuwa kazi ya mgonjwa peke yake. Mume au mtoto mkubwa achukue ndoo. Dada yake amwite watembee pamoja jioni. Jirani amfuate waende kikundini. Kazi ya nyumba ikigawanywa, mapumziko yanawezekana. Yasipowezekana, shauri lote hubaki maneno matupu.

Maswali ya mazungumzo

1. Taja tofauti mbili kati ya huzuni ya kawaida na sonona.
2. Kwa nini kazi za sulubu si sawa na mazoezi?
3. Nyumbani kwako, ni kazi ipi ya mama inayoweza kuchukuliwa na mwingine kuanzia juma hili?