Mdogo Wangu, Samaki Hasomi Bei ya Fimbo

Wadogo zangu, sombe yangu iko motoni, kwa hiyo mkiona nimekata maneno ghafla, mjue nimekwenda kuikoroga.

Wiki hii nimeletewa kesi mbili zenye harufu ya samaki. Ya kwanza imetoka Mususa, hapa Butembo. Kijana alifikiwa na zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, dolari 90, pesa ambayo nyumbani walikwisha kuipangia mabati ya jiko. Yeye akapita nayo sokoni akanunua fimbo ya kuvulia ya kaboni, yenye mulinete ya kuzungushia mshipi inayong'aa, iliyoshuka na mzigo wa mfanyabiashara kutoka Guangzhou. Sasa fimbo iko chini ya kitanda, mabati hayapo, na mama anauliza. Ya pili imetoka Bungulu, kule Beni. Marafiki wawili waliokula sahani moja tangu shule ya msingi hawasalimiani tena, kwa sababu mmoja alisema mbele ya watu kwamba samaki aliye kwenye foto ya mwenzake alinunuliwa sokoni. Na kweli alinunuliwa.

Nilicheka kwanza, nisiwadanganye. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka samaki wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka zangu walikuwa wanavua kwa vijiti vya mwanzi kwenye bwawa la bondeni, na mimi msichana niliachiwa kuchimba nyungunyungu. Siku moja nikaiba kijiti, nikavua tilapia wa urefu wa kidole. Njiani kurudi nyumbani alianza kukua. Kufika kwa jirani alikuwa kiganja. Kufika mlangoni kwetu alikuwa mkono mzima, tena amekata mshipi akakimbia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikemea hata neno. Akachukua sufuria kubwa, ile ya msiba na harusi, akaijaza maji, akaiweka motoni, akaniambia: "Basi lete huyo aliyebaki." Nilimtoa mfukoni, amekauka kama jani. Kaka zangu waliniita Sufuria mpaka nilipoolewa.

Kwa hiyo sizungumzi nanyi kama mtakatifu. Ninajua ladha ya uongo wa samaki. Ni tamu mdomoni, na inadai samaki mwingine mkubwa zaidi kesho.

Tuanze na wewe wa Mususa. Kadogo, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakukataza jembe zuri. Walikuwa wamemwona mtu anayemaliza asubuhi nzima akipima mipini, jua likapanda, shamba likabaki na majani yake. Wewe umeona video za watu wanaorusha chambo bandia chenye rangi ya dhahabu, wanakivuta mara mbili, samaki anaruka juu ya maji, watu wanashangilia. Umesema: hiyo ndiyo fimbo ninayoikosa. Lakini je, umeuliza yule ni samaki gani?

Yule ni besi wa Marekani, mdomo kama mlango wa mfuko. Anakaa kwenye majani ya maji akivizia kwa macho, kinachong'aa na kukimbia anakirukia. Ndiyo maana chambo chake kinapakwa rangi. Ukimtaka huku Afrika Mashariki, nenda Naivasha, Kenya, walikomleta miaka ya 1920 ili wapenda ndoano wapate mchezo. Ziwa Edward letu halina besi. Lina bagrusi mwenye masharubu, anayewinda usiku chini kwenye matope. Lina kambale, naye ananusa na kupapasa kuliko anavyotazama. Lina kamongo, ambaye taya lake linavunja konokono, sembuse plastiki yako. Na lina tilapia, mla mwani na vijidudu vya majini. Sasa wewe unampitishia tilapia kisamaki cha plastiki chenye macho mekundu. Akifanyie nini, mdogo wangu? Akisalimie?

Waulize wavuvi wa Kyavinyonge, ufukweni mwa Ziwa Edward, wanaotega bagrusi. Wanalaza mshipi mrefu wenye ndoano nyingi jioni, chambo ni kipande cha samaki au kisamaki kidogo kizima, wanarudi alfajiri. Na wao wanalinganisha, msifikiri hawalinganishi! Nimekaa na mama yangu kwenye mchanga ule tukisubiri mitumbwi, nikawasikia wakibishana kuhusu ukubwa wa ndoano, unene wa mshipi, upepo ulitoka wapi, nani alitega karibu na mahali mto Semuliki unapotoka ziwani. Lakini sikiliza vizuri wanacholinganisha. Ni mahali, ni saa, ni chambo gani kimeliwa na kipi kimerudi kizima. Fimbo ya fulani iligharimu ngapi, hilo sikulisikia. Mama zetu waliokuwa wanasubiri na mabeseni wasingekuwa na subira ya mazungumzo hayo. Wao walimpima samaki kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, wakataja bei, wakaondoka.

Najua utaniambia, "Yaya, wakubwa wa dunia wana vifaa." Haya, twende kwa wakubwa wa dunia. Tarehe 2 Juni 1932, kijana mkulima wa Georgia huko Marekani, George Perry, alivua besi wa kilo 10 na kidogo. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na chambo bandia kimoja tu siku hiyo, wakipokezana. Samaki alipimwa, akapelekwa nyumbani, akaliwa. Ilipita miaka 77 kabla ya mtu kumfikia. Aliyemfikia ni Mjapani, Manabu Kurita, kwenye Ziwa Biwa, tarehe 2 Julai 2009. Samaki wake alimzidi wa Perry kwa gramu chache, lakini kanuni zinadai umzidi wa zamani kwa kiasi fulani ndipo umvue taji, basi mpaka leo wanalishikilia pamoja. Na Kurita alitumia chambo gani, kadogo? Samaki mdogo, mzima, hai. Kama babu yako angemfundisha.

Ngoja nikoroge.

Nimerudi. Nisingependa uitupe ile fimbo, maana pesa imekwisha kutoka. Lakini kuna jambo moja ambalo aliyekuuzia hakukwambia, na hili silisemi kwa mzaha. Kaboni inapitisha umeme. Milima yetu hii ya Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Ukiona wingu jeusi, ukasikia nywele za mkono zinasimama, halafu umeinua fimbo ndefu ya kaboni katikati ya maji, umejifanya mti peke yako uwanjani. Ilaze chini, toka majini. Wacha wenzako wakuite mwoga. Mwoga anarudi na kusimulia.

Halafu mwambie mama. Leo. Mwambie ni dolari ngapi, usipunguze kumi. Mvua ya Septemba haitasubiri upate maneno mazuri. Sema utalipa mabati kidogo kidogo, na anza na Jumamosi hii, hata kama ni kubeba matofali. Yeye atakasirika, atataja baba yako na ukoo mzima, halafu atakupa chakula. Ninawajua mama zetu.

Sasa nyinyi wa Bungulu. Kesi yenu inaniuma zaidi, kwa sababu mabati yanalipika.

Wewe uliyenunua samaki sokoni ukapiga naye foto, nimekuelewa kuliko unavyodhani. Ulikuwa umekwenda majini mara tatu ukarudi mikono mitupu. Telefone inalia, huyu ameweka wake, yule ameweka wake, kila mmoja amenyoosha mikono mbele ili samaki aonekane kama mbuzi. (Ujanja huo tunaujua, angalieni vidole vyenu kwenye foto, vinakuwa vinene kama ndizi.) Ukajiona huhesabiwi. Na kijana akijiona hahesabiwi, anaweza kufanya mambo mabaya kuliko kununua samaki. Sikushangai. Lakini ulichagua vibaya hata uongo wenyewe, mdogo wangu! Ulinunua kapitene, ukasema umemvua Kyavinyonge. Kapitene, ambaye wengine wanamwita sangara, ni wa Ziwa Albert. Yuko chini, sisi tuko juu, na katikati kuna maporomoko ya Semuliki yaliyomzuia asipande mpaka Ziwa Edward. Mama yeyote muuza samaki angekukamata kabla hujafunga mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa na maporomoko.

Mnafikiri ni nyinyi tu? Yule Kurita niliyemtaja, samaki wake alipimwa mbele ya mashahidi, na bado alitakiwa aketi kwenye mashine ya kupima uongo ndipo aaminiwe. Akafaulu. Ona sasa watu wazima, wenye mizani na karatasi, walivyodanganyana kuhusu samaki mpaka mkweli naye akafungwa nyaya. Hiyo ndiyo hasara ya foto yako. Siku utakayovua kambale wa kweli, wa mkono mzima, nani atakuamini? Utasimama na samaki wako kama mimi na sufuria ya mama.

Na wote mnaolinganisha, kuna jambo linanikereketa, acha niliseme hata kama halikuulizwa. Mnataka samaki wa leo wafanane na wa hadithi za wazee, na msipompata mnailaumu fimbo. Ziwa lenyewe limebadilika. Miaka ya 1970 viboko wa hifadhi ya Virunga walihesabiwa zaidi ya 25,000. Bunduki za vita na ujangili zikawala, na kufikia mwaka 2005 hawakutimia 1,000. Kiboko anakula nyasi nchi kavu, anakwenda kunya majini, na mavi yake yanalisha mwani, mwani unamlisha tilapia. Umeua kiboko, umemnyang'anya tilapia bugali. Ongeza nyavu za macho madogo, ongeza mitumbwi ya kila aliyekimbia vita akakosa shamba, na huyo simlaumu, njaa haina karatasi. Ndiyo maana samaki ni wadogo. Hakuna mulinete ya Guangzhou itakayorudisha viboko.

Basi ukishika tilapia, mfungue mdomo kabla hujamshangilia. Jike anabeba mayai yake humo, na vifaranga wakitishika wanakimbilia humo humo. Ukimkuta amejaza mdomo, mrudishe majini taratibu. Najua, hakuna foto ya samaki aliyerudishwa. Najua pia kwamba mwenye watoto wenye njaa nyumbani hatamrudisha, na mimi sitakwenda kusimama juu ya kichwa chake. Nasema na wewe unayevua kwa kujifurahisha, uliyekula asubuhi.

Na usiku msiende ziwani kwa sababu fulani alikwenda. Usisafirie nyota ya mwenzio. Huyo fulani anajua mpaka na Uganda unapita wapi juu ya maji, wewe hujui, na wanajeshi wa majini hawatauliza kama ulikuwa unafuata samaki. Anajua kiboko analala wapi. Anajua upande upi wa pwani wenye bunduki wameamkia wiki hii. Tena Kyavinyonge iko ndani ya hifadhi hiyo ya Virunga, iliyowekwa tangu 1925, na uvuvi wake una karatasi zake. Anayetaka kujifunza aanze na bwawa la mtu hapa bondeni, aombe ruhusa, alipe samaki anaowatoa. Kwa bwawa, mwanzi na nyungunyungu vinatosha. Nimejaribu.

Limebaki swali mliloniuliza wote wawili wa Bungulu, kila mmoja kwa siri yake, bila kujua mwenzake ameniuliza: nani aanze kubisha hodi?

Wewe uliyesema kweli. Ndiyo, wewe, usirushe karatasi. Najua haikupendezi, najua yeye ndiye aliyedanganya. Lakini yeye alidanganya kuhusu samaki, wewe ulimvua nguo mwenzako mbele ya watu kumi na wawili, ukafurahia walivyocheka. Ungeweza kumwambia mkiwa wawili, njiani, naye angekutukana kidogo halafu angecheka. Kweli yako ilikuwa kweli, na uliitupa kama jiwe. Nenda Jumapili baada ya misa, mama yake atakuwa nyumbani, hawezi kukufungia mlango mbele yake. Sema samahani kwa sehemu yako tu. Sehemu yake mwachie, ataitaja mwenyewe akiwa tayari, labda hata mwezi ujao.

Na usiende mikono mitupu. Beba ndizi, beba sukari, chochote. Ila samaki, nakusihi, usibebe.